Thaddeus Stevens: dhana potofu na ukweli wake

Thaddeus Stevens (1792–1868), wakili wa mji wa Lancaster na mbunge wa Marekani kutoka jimbo la Pennsylvania, amesingiziwa mengi na maadui, na kupambwa kupita kiasi na wanaomsifu.

Dhana: Aliwaandama mabwana wa watumwa wa Kusini mwa Marekani kwa kuwa walimchomea kiwanda.
Ni kweli, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi lilichoma kiwanda chake cha chuma, Caledonia, Juni 1863. Lakini miaka 25 kabla ya hapo alikataa kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania, kwa sababu iliwanyima watu weusi kura. Mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya mmiliki mmoja wa watumwa kuuawa huko Christiana, Pennsylvania, alipokuja kukamata watumwa waliotoroka. Hanway aliachiwa huru. Kisasi gani hicho kinachotangulia kosa?

Dhana: Tangu ujana aliwatetea watumwa.
Hapana, na lisifichwe. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyekaa jimboni miezi 6. Mwaka 1821, katika kesi ya Charity Butler, Stevens alimwakilisha mmiliki, akajenga hoja kwamba miezi hiyo lazima ifuatane, vipindi vifupi visijumlishwe. Alishinda, na Charity akabaki utumwani.

Dhana: Alimng'oa Rais Andrew Johnson.
Baraza la Wawakilishi, alimokuwa Stevens, hushtaki tu. Seneti ndiyo huhukumu. Mwaka 1868 zilihitajika kura 36 kati ya 54 kumwondoa Johnson. Zikapatikana 35, akabaki madarakani.

Dhana: Ekari 40 kwa kila aliyekuwa mtumwa ilikuwa sheria yake.
Lilikuwa pendekezo, tena lenye hesabu kamili. Septemba 1865, mjini Lancaster, alitaka serikali itwae ardhi ya waasi wenye zaidi ya ekari 200 au mali ya zaidi ya dola 10,000. Alikadiria ekari milioni 394. Kila mwanamume mtu mzima aliyeachwa huru apewe 40, jumla kama milioni 40; zilizobaki ziuzwe kulipa deni la vita na pensheni za askari. Alirudi na muswada mwaka 1867, ukakwama. Wenzake wengi wa chama cha Republican walikuwa tayari kuwapa watu weusi kura, ila si kugusa mali ya mtu, na kwa misamaha yake Johnson alikuwa ameanza kuwarudishia waasi mashamba yao. Waliokombolewa wengi wakabaki kulima ardhi ya mabwana wale wale kwa mgawo wa mavuno.