Ukifungua picha ya Mirihi, tafuta jua kwanza

Watu wakishajua nashughulika na picha za Mirihi basi hawaishi kunitumia skrinshoti, eti hili si jengo? huu si mlango? Afu wanashangaa mi kabla hata sijakiangalia hicho kitu nauliza jua lilikuwa upande gani. Manake unachokiona pale sehemu kubwa ni vivuli tu, na macho yetu yamezoea mwanga utoke juu, sasa ukitokea chini ya picha shimo linageuka kilima na kilima kinageuka shimo. Nimeona watu na digrii zao wanabishania vilima vya duara kumbe ni kreta za kawaida kabisa, yale mashimo ya kugongwa na vimondo, pindua picha kichwa chini ubishi umeisha.

Kwa picha za HiRISE kazi ni rahisi kidogo. Kamera hiyo iko kwenye Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kilichofika Mirihi 2006, na obiti yake imepangwa kiasi kwamba kikipita upande wa mchana huko chini inakuwa kama saa tisa alasiri. Jua liko magharibi, kwa hiyo ukichukua picha iliyokwisha kupangwa kiramani, kaskazini juu, mwanga kwa kawaida unatokea kushoto. Ukichukua ile ghafi usikisie, pembe za jua zimeandikwa kwenye data zake, soma.

Na hiyo pembe ndo inakupa vimo vya vitu, hapa ndo napenda mwenyewe. Pikseli moja ya HiRISE ni kama sentimita 25 hadi 30 ardhini. Jiwe likiwa na kivuli cha pikseli 8 za sentimita 25, kivuli ni mita 2, na jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo basi jiwe nalo lina kimo cha mita 2, umemaliza. Ardhi ikiinama hesabu inaharibika, hapo utafute picha mbili za eneo lilelile zilizopigwa kwa pembe tofauti utengeneze modeli ya miinuko, yaani ramani ya kimo cha kila sehemu ya ardhi, na hiyo bana ni kazi ndefu.

Ule "uso" wa Cydonia, kilima cha Mirihi ambacho watu walikiona kama sura ya mtu, ni habari hiyohiyo. Chombo cha Viking 1 kiliupiga picha Julai 1976 jua likiwa chini, kivuli kikafunika nusu ya kilima, na kidoa cheusi kinachoonekana kama tundu la pua ni data iliyopotea tu njiani. Chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikarudi pale 1998 na 2001 na kamera kali zaidi, kikaonekana kilima kilichomomonyoka, basi.

Rangi nazo zisikuchanganye, ile bluu ya HiRISE mara nyingi ni mchanga wa basalti (mwamba mweusi wa volkano) usio na vumbi jekundu, rangi zimevutwa ili tofauti zionekane.

Kigumu zaidi ni vitu vinavyobadilika. Ile michirizi myeusi ya kwenye miteremko iliyotangazwa 2011 inarefuka msimu wa joto afu inafifia, wengi wakasema maji ya chumvi. Ila kuilinganisha lazima uwe na picha za misimu mingi zenye mwanga unaokaribiana, la sivyo unapima kivuli ukidhani unapima mchirizi. Watu walipoweka na modeli za miinuko, 2017, wakakuta michirizi inaishia pale mteremko unaposhuka chini ya kama nyuzi 27, sawa na mchanga mkavu unavyoporomoka kwenye matuta.