Je, wajua? Kifua kikipiga filimbi sio lazima iwe pumu

Mi nilikuwa na jibu moja tu kwa mtu anayehema huku kifua kinapiga filimbi: pumu hiyo, apewe inhela, basi. Na nilikuwa mbishi kweli. Kumbe filimbi inakwambia tu kwamba hewa inapita pembamba, haikwambii nani kapabana. Kwenye pumu wanaobanwa ni vile vijibomba vidogo vya ndani ya mapafu, misuli yake inakaza, ndo maana salbutamoli, ile dawa ya kwenye inhela, ikiilegeza mtu anapata nafuu. Ila kuna wachache, wachache sana, wenye kinyama kilichoota kwenye bomba kuu la hewa lenyewe, na wala sio saratani: inaweza kuwa mafuta tu, au gegedu, au masundosundo yanayoletwa na virusi vya HPV aina ya 6 na 11. Sasa hicho hakina msuli wa kulegea, utapuliza inhela mpaka iishe.

Cha ajabu ni kwamba mtu anakaa nacho muda mrefu hasikii kitu. Bomba la mtu mzima lina upana wa kama milimita 18 hivi, kuhema kwenye ngazi huwa kunaanza nafasi ikibaki kama 8, ikifika 5 anahema hata akiwa amekaa. Chukua mrija wa soda, unywe huku unaubana taratibu kwa vidole: soda inapanda tu, unabana tena, inapanda, unabana kidogo tu zaidi, mara mashavu yamezama ndani na mdomoni hamna kitu. Kihesabu, upana ukipungua nusu ugumu haupandi mara 2, unapanda mara 16. Hiyo ni kama hewa inapita kwa utulivu kwenye bomba refu lililonyooka, na kooni haitulii, kwahiyo 16 usiishike kama msahafu.

Ndo maana pia madaktari wakati mwingine wanampa mgonjwa heliamu, ndio, ile ya maputo, ikichanganywa na oksijeni, kwa sababu ni nyepesi na inapenya kwenye upenyo. Haitibu, inamsogeza tu.

Eksirei ya kifua mara nyingi inatoka safi, kinyama kinakuja kuonekana kwenye CT scan au kamera ikishushwa kooni. Kinakatwa, mara nyingi kwa leza, na mtu anapumua siku hiyohiyo. Isipokuwa masundosundo, hayo hurudi, na kuna watu wameshafyekwa koo mara kumi na zaidi.