Polisi na vijana porini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Polisi na vijana wa mtaani wakipelekwa safari ya porini na kukaa kambini pamoja, chuki baina yao itaisha yenyewe.

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, akawagawa makundi mawili yaliyoshindana hadi yakachukiana. Alipowakutanisha kwa mlo wa pamoja, walirushiana chakula. Uhasama ulipungua zilipozuka shida zisizoweza kumalizwa na kundi moja: maji kukatika, kisha lori kugoma kuwaka. (Shida zilipangwa na watafiti, ila watoto hawakujua.) Lori walilivuta wote, kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindana kuvutana nayo. Wale hawakuwa polisi na vijana wa mtaani, lakini funzo linagusa kila anayeandaa safari ya namna hii: kama kazi inaweza kufanywa na askari peke yao, haifai.

Dhana: Askari aongoze, ndiye mwenye nidhamu.

Akiongoza yeye, kijana anaona amri zilezile, tofauti ni miti tu. Mwanasaikolojia Gordon Allport, naye mwaka 1954, alitaja usawa wa hadhi kuwa sharti mojawapo la kupunguza chuki baina ya makundi. Kwa hiyo msafara uongozwe na wakufunzi wasio polisi, na askari apande mwamba huku kamba yake ya usalama imeshikwa na kijana aliyefunzwa kuishika. Hapo nani anamtegemea nani?

Dhana: Basi polisi wafiche kazi yao.

La. Sare zinaweza kubaki nyumbani, kazi isifichwe. Kijana akigundua mwishoni, atahisi amechezewa. Na asipojua kabisa, atakuwa amempenda mtu mmoja tu, si askari.

Dhana: Ni dawa ya watoto wakorofi, watishwe kidogo.

Programu za kuwatisha vijana kwa kuwatembeza magerezani zilipopimwa, waliopitia humo walivunja sheria zaidi kuliko wenzao.

Dhana: Safari moja inatosha.

Utafiti wa mwanasaikolojia Tom Tyler unaonyesha watu huiamini polisi kwa jinsi wanavyotendewa: wanasikilizwa, wanaelezwa sababu, wanaheshimiwa. Hayo hupimwa barabarani, pale kijana anaposimamishwa na askari ambaye hakwenda kambini.

Dhana: Ni ujanja wa polisi wa kukusanya habari.

Hofu hii ina msingi, na kuikejeli ni kosa. Waandaaji watangaze kabla ya kuondoka, mbele ya wazazi: askari hahoji mtu huko, na ni hatari gani pekee, kama tishio kwa uhai, italazimu habari kupelekwa mbele.