Risiva ya sinema ya nyumbani kwa mwenye bajeti ndogo

Mteja anapoulizia risiva katika karakana yangu hapa Kariakoo, kwanza humwomba anieleze anakusudia ipi, kwa kuwa mtaani jina hilo hupewa pia kisanduku cha dishi. Ninayoizungumzia hapa ni mashine inayopokea sauti na picha kutoka kwenye king'amuzi, deki au kompyuta, ikapeleka picha kwenye televisheni na kugawa sauti kwa spika tano na sabufa. Tukishaelewana, swali linalofuata karibu kila mara ni moja: ina wati ngapi?

Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazina maana mpaka ujue zilipimwaje. Chukua mashine mbili za bei ya chini zinazofahamika. Sony STR-DH590 imetangazwa kuwa na wati 145 kwa kila chaneli (njia ya sauti ya spika moja), ilhali Yamaha RX-V385 imeandikiwa wati 70, na asiyesoma maandishi madogo ataamini kwamba ya kwanza ina nguvu maradufu. Lakini zile 145 zilipimwa kwa mlio mmoja wa hetzi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa spika ya omu 6 (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Zile 70 zilipimwa chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia hetzi 20 hadi 20,000, pia kwa spika za omu 6. Ni sawa na kupima mchele huu kwa kibaba na ule kwa mizani, kisha ukalinganisha hesabu. Hata nguvu ingekuwa kweli maradufu, ungeongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wapunguze fedha za risiva na kuziongeza kwenye spika: spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiipima kwa umbali wa mita moja, hutumia nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87 ili zilingane kwa sauti.

Kwa anayenunua mtumba, jambo la kwanza ni kibandiko cha nyuma. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, za Marekani volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Nimefungua kadhaa ambazo mwenyewe alizichomeka mara moja tu: fyuzi imekatika, transfoma imekuwa nyeusi, na harufu ya kuungua haijatoka hata baada ya wiki. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, ila lazima iwe na uwezo unaozidi matumizi ya mashine, na bei yake ijumlishwe kabla hujasema umepata kwa rahisi.

Kuhusu viunganishi, tafuta tundu la HDMI (la waya mmoja unaobeba picha na sauti) lenye maandishi ARC, teknolojia iliyoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kwa waya huo mmoja, sauti ya televisheni hurudi kwenye risiva. Kama fedha ni chache zaidi, mimi sioni aibu kupendekeza risiva ya zamani isiyo na HDMI kabisa, mradi ina tundu la optiko (la waya unaopitisha sauti kwa mwanga), kwa sababu optiko inapitisha Dolby Digital, mfumo wa sauti ya sinema, ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa moja) bila shida, na bodi za HDMI ni miongoni mwa vitu ninavyovikuta vimekufa mara nyingi katika mashine zilizotumika. Utakachokosa ni Dolby Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu ya kichwa, ambayo kwa spika tano haikuhusu sana.

Siku ya kununua, nenda na spika moja ndogo na kipande cha waya. Washa mashine, usubiri mlio mdogo wa "ta" kutoka ndani, ambao ni swichi ya ulinzi ikiunganisha spika. Usiposikika, au ukisikika kisha mashine ikazima, rudisha. Ukisikika, fungua mlio wa majaribio kwenye menyu na uhamishe spika yako tundu kwa tundu, zote tano, huku muuzaji akisubiri.