Homa ya Ini Isiyoambukiza: Maswali na Majibu

Swali: Nimeambiwa nina homa ya ini, lakini vipimo vya hepataitisi B na C vyote ni safi. Hii ni homa gani?

Jina "homa ya ini" hubeba magonjwa mengi, na sisi tukilisikia tunawaza virusi tu. Ipo moja ambayo haina kirusi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, huligeukia ini na kulishambulia kama adui. Madaktari huiita homa ya ini ya otoimuni. Jan Waldenström, daktari wa Sweden, aliieleza mwaka 1950 baada ya kuona wanawake vijana waliokaa na manjano kwa muda mrefu. Mpaka leo wanawake ndio wengi, kama watatu au wanne kwa kila mwanamume mmoja, ingawa hata watoto na wazee huipata.

Swali: Mama mkwe amenitengea kikombe na sahani. Ana haki ya kuogopa?

Hana sababu ya kuogopa, na ukiweza nenda naye kliniki asikie kwa daktari mwenyewe. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe, kwa kitanda, kwa tendo la ndoa wala kwa kumbeba mtoto. Si homa ya manjano ya mbu, na haukuletwa na pombe. Inaniuma kuona mgonjwa anakula peke yake kwa sababu ya jina tu.

Swali: Unagunduliwaje?

Dalili zake hujificha: uchovu usioisha hata ukilala, maungio kuuma, mwili kuwasha, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, macho kuwa ya njano. Wengine hawasikii lolote. Ndiyo maana karibu theluthi moja ya watu wazima hugunduliwa wakati ini limeshapata makovu mazito, yaani sirosisi.

Daktari huanza na damu: vimeng'enya vya ini (ALT na AST), kingamwili aina ya IgG ambazo kwa kawaida hupanda, na zile zinazoshambulia mwili wenyewe. Kisha huchukuliwa kinyama kidogo cha ini kwa sindano. Najua hapo ndipo wengi huogopa. Eneo hutiwa ganzi, na kinyama hicho huonyesha mambo ambayo damu peke yake haiwezi kusema. Mweleze daktari kila dawa uliyotumia, pamoja na mitishamba. Nitrofurantoini, dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo, inajulikana kusababisha hali inayofanana kabisa na ugonjwa huu.

Swali: Unatibika?

Unadhibitiwa, na unadhibitiwa vizuri. Mwaka 1971, huko London, daktari wa ini Sheila Sherlock na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa waliopewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, waliokoka kifo kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Hiyo bado ndiyo dawa ya kuanzia. Huanza kwa kiwango cha juu, kisha hupunguzwa kidogo kidogo, huku azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ikiongezwa ili ibebe kazi ya muda mrefu.

Dawa hizi hutuliza kinga yote ya mwili, si ile inayolishambulia ini peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuanza, uliza kama umepimwa hepataitisi B na kama umechunguzwa kifua kikuu. Vyote viwili vikiwa vimelala mwilini vinaweza kuamka. Kwetu kuna pia minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa nyayo za miguu na kukaa miaka mingi kimya. Kinga ikishushwa, minyoo hiyo inaweza kusambaa mwilini hadi kuua. Azathioprini nayo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo miezi ya mwanzo utapimwa damu mara kwa mara. Kama unatumia alopurino kwa ajili ya jongo, sema mapema: zikichanganywa bila kupunguzwa dozi, damu huharibika.

Swali: Uso umevimba, chunusi zimejaa, watu wananicheka kazini. Nimeamua kuacha prednisoloni.

Tafadhali usiache leo. Unachokieleza ni kweli na si jambo dogo, hasa kwa msichana. Lakini ukiwa umeimeza kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili zikitegemea kidonge. Ukikata ghafla, presha inaweza kuanguka ukazimia, hata kufa. Kadiri daktari anavyoshusha dozi, uso nao hurudi. Mwambie waziwazi kwamba sura inakutesa. Kama huna sirosisi, huenda akakubadilishia budesonidi, dawa ya jamii moja na prednisoloni lakini yenye madhara machache mwilini. Wakati huo meza dawa asubuhi baada ya kula, pima sukari na presha, na kula dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa.

Swali: ALT imerudi kawaida na najisikia mzima. Si nimepona?

Ini halipigi kelele. Hata vipimo vikiwa vizuri, matibabu huendelea angalau miaka miwili mingine, na wengi wanaoacha ugonjwa huwarudia. Wengine watameza azathioprini maisha yote, wakifanya kazi na kulea watoto kama kawaida.

Swali: Naweza kubeba mimba?

Ndiyo, ugonjwa ukiwa umetulia. Kwa kawaida azathioprini huendelea. Ila kama unatumia mikofenolati, nayo dawa ya kutuliza kinga, ibadilishwe kabla hujashika mimba, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Ugonjwa hupenda kuamka baada ya kujifungua, basi usiruke vipimo vya miezi ile.

Swali: Nasafiri, na mpakani wanataka cheti cha homa ya manjano.

Chanjo hiyo ina kirusi hai, haimfai mtu ambaye kinga yake imeshushwa. Daktari anaweza kukuandikia cheti cha msamaha wa kiafya; kishughulikie kabla hujakata tiketi.

Swali: Je, dawa za asili za kusafisha ini?

Ini halihitaji kusafishwa. Baadhi ya mitishamba huliumiza, na ikichanganyika na ugonjwa huu daktari hajui tena nini kinapandisha ALT.

Swali: Mimi ini limeshasinyaa kwa sirosisi. Nifanye nini?

Matibabu bado yanakufaa, na kwa wengine makovu hupungua. Fanya ultrasaundi kila baada ya miezi sita kutafuta uvimbe wa saratani mapema, na uliza kuhusu kipimo cha kamera kuangalia mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula. Epuka dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au watu wa nyumbani wakiona umechanganyikiwa, usisubiri kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo.