Kuvunja Ungo Si Kukomaa: Maswali ya Wazazi Kuhusu Balehe

Nafanya kazi ya uuguzi na ukunga katika zahanati ya kijijini mkoani Dodoma. Mtama na uwele vikishaingia ghalani na minada ikachangamka, posa nazo huanza kutembea. Mwaka haujaisha vizuri, leba yetu inapokea mabinti ambao juzi tu walikuwa darasa la sita. Maswali haya huulizwa kwenye benchi la kliniki na kwenye mikutano ya wazazi, nami nayajibu hapa kama ninavyoyajibu kule.

Balehe ni nini, na huanza lini?

Ni kipindi ambacho ubongo huamuru ovari za msichana au korodani za mvulana zianze kutoa homoni za utu uzima. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza huwa ni matiti kuchomoza, wala si damu. Wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14: korodani hutangulia kukua, sauti hubadilika baadaye. Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Ni miaka, si wiki moja ya kufundwa.

Binti yangu ana miaka 13, kavunja ungo juzi. Si ameshakuwa mtu mzima?

Hapana. Hedhi ya kwanza huja kama miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza, na inatuambia tu kwamba mfuko wa uzazi umeanza kuitikia homoni. Mifupa bado inakua. Wengi huongezeka sentimita kadhaa baada ya hapo. Nyonga ndiyo huchelewa zaidi, huendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya kuvunja ungo. Mkulima wa uwele akiona suke limetoa maua hapeleki kisu shambani. Ikifika kwa binti yake, anapeleka.

Lakini huyu ana mwili, kampita hata mama yake.

Hapana, baba. Nyonga haipimwi kwa macho. Unachokiona ni matiti, nyama na urefu. Njia anayopita mtoto iko ndani, kwenye mifupa. Njia ikiwa finyu, kichwa cha mtoto hukwama. Uchungu ukienda siku mbili, kichwa hicho hukandamiza kibofu kwenye mfupa, nyama hukosa damu, hufa, kisha hutoboka. Hiyo ndiyo fistula: mkojo, pengine na kinyesi, hutoka bila kuzuilika. Mara nyingi mtoto huzaliwa ameshakufa. Binti anarudishwa kwao, anatengwa kwa sababu ya harufu, halafu watu wanasema karogwa. Hajarogwa. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, kwa hiyo aliye nayo aletwe hata kama ni ya miaka mingi.

Bibi yake alizaa na miaka 15, akapata watoto wanane. Mbona hakufa?

Waliokufa hawapo kwenye benchi kukusimulia. Muulize bibi, kwa adabu na pembeni, wenzake wangapi wa rika lake walifia kwenye uzazi, na katika wale wanane aliwazika wangapi. Nimewahi kuuliza hivyo mbele ya familia: mzee aliyekuwa akitetea posa alinyamaza, na bibi ndiye aliyeendelea na mazungumzo.

Mwanangu alikuwa mtulivu, sasa anajibu ovyo, analia, anajifungia chumbani. Kwa nini?

Ubongo haukui wote kwa pamoja. Sehemu za hisia na raha huchangamka mapema. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo binti anaweza kukokotoa hesabu ngumu na kubishana nawe kwa hoja, na jioni hiyohiyo akapanda bodaboda ya mtu kwa ajili ya chipsi. Ndiyo maana mzazi akiniambia “alikubali mwenyewe kuolewa” simwelewi. Alikubali kwa ubongo wa miaka 14.

Kununa siku mbili tatu ni kawaida. Huzuni ya wiki mbili, kukataa chakula, kukwepa marafiki, au kusema anatamani kufa si kawaida. Mlete. Fimbo haisaidii hapo, na aliyetamka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Tumbo la hedhi linamkosesha shule. Wanasema akizaa litapona.

Hapana! Hapa posa ileile imekuja na jina la dawa. Apewe ibuprofeni baada ya kula, maumivu yakianza tu, asisubiri yakolee. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia. Siku kupishana kwa mwaka mmoja au miwili ya kwanza ni kawaida. Damu inayozidi siku 7, pedi inayolowa kila saa, au kufika miaka 15 bila kuona hedhi: hospitali.

Ameshapata mimba. Tunaona aibu, tumlete akikaribia kujifungua?

Hapana. Hapana kabisa. Huyu ndiye anayetakiwa kuja mapema kuliko wote, kabla ya wiki 12, na kuhudhuria angalau mara nane. Tunapima presha, mkojo, wingi wa damu, malaria, kaswende na VVU. Mkimficha hadi mwezi wa nane mnaniletea mgonjwa ambaye sina tena muda naye.

Kichwa kumuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, kisha kuanguka na kutetemeka: hicho ni kifafa cha mimba, na huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza na umri mdogo. Si mapepo. Nasema tena, si mapepo. Sitaki kusikia kwamba alifukizwa kwanza, wala kwamba alikuwa akiombewa tangu asubuhi. Mwombeeni mkiwa ndani ya gari. Tena apangiwe kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, na asogezwe karibu na hapo kabla uchungu haujaanza.

Na mvulana je?

Ndoto nyevu ni kawaida na hazimalizi nguvu. Chunusi hupita, na hata matiti kuvimba kidogo hupita. Jambo moja tu usilingoje: korodani ikimuuma ghafla, pengine na kutapika, usiiite ngiri ukaanza kuchemsha mizizi. Inaweza kuwa imejisokota, na zikipita saa 6 hivi tangu maumivu yaanze, uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Tuamsheni, hata kama ni saa nane usiku.

Ile chanjo ya shuleni ni ya nini? Tumesikia inafunga kizazi.

Haifungi kizazi. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja tu, bure.

Posa tumeshapokea. Sheria inasemaje?

Rudisheni. Tangu mwaka 2016 kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Aliyeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021, kwa hiyo “shule imeshaisha” nayo si sababu ya kumuoza.

Binti mwenyewe, mwalimu au jirani anaweza kupiga 116, simu ya watoto, bila malipo. Mwanangu, kama unaogopa kuonekana, pale mapokezi sema umekuja kupima malaria. Mengine tutaongea mlango ukishafungwa.