Baridi yabisi hutulizwa kwa dawa nafuu na ufuatiliaji wa karibu

Mgonjwa wa baridi yabisi anapofika kliniki ya viungo kwa mara ya kwanza, mara nyingi ameshahangaika mwaka mzima au zaidi. Amechuliwa, amekandwa kwa maji ya moto, amechomwa sindano za maumivu, na kwenye mkoba ana kipakiti cha vidonge mchanganyiko alivyofungiwa dukani. Tukivimwaga mezani tunaikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na pembeni yake vile vidogo vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Vinamtuliza kweli, ndiyo maana anaendelea kuvinunua. Huku nyuma ugonjwa unaendelea kula viungo vyake.

Hali hii inaniuma, kwa sababu tunacho cha kumpa. Tafiti za miaka 40 iliyopita zimeonyesha kwamba baridi yabisi inaweza kutulizwa hadi mtu akarudi shambani, sokoni au ofisini, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na vidonge vya bei nafuu. Masharti ni mawili: vianze mapema, na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu.

Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Hauletwi na kuoga maji ya baridi, wala kufua, wala kulala sakafuni. Kinga inayopaswa kupambana na vijidudu huugeukia utando laini unaozunguka kiungo. Utando unavimba, unakuwa mnene, kisha unaanza kumomonyoa gegedu na mfupa. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi wao wakiwa bado na watoto wa kulea.

Huanzia zaidi kwenye viungo vidogo vya vidole vya mikono na miguu, pande zote mbili. Asubuhi mikono inakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, wakati mwingine hadi jua limepanda. Pete haivuki tena kifundo cha kidole. Kukamua nguo, kugeuza ufunguo, kusonga ugali, vyote vinakuwa kazi nzito. Mshike mkono kama unayemsalimia, ubane taratibu kwenye vifundo: mwenye baridi yabisi atauvuta mkono wake. Jongo huja kwa namna nyingine, mara nyingi ghafla, usiku, kwenye kidole gumba cha mguu. Mifupa kusagika kwa uzee ni jambo jingine tena. Mtu mwenye uvimbe wa viungo uliodumu wiki sita asisubiri tena, na asiridhike na kuambiwa "kipimo cha damu kiko safi", maana wapo wenye ugonjwa ambao kipimo cha rumatoidi hakiwaonyeshi, na wapo wasio nao ambao kipimo kinasoma chanya kwa sababu ya kifua kikuu, homa ya ini au umri tu.

Turudi kwenye prednisoloni. Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni mwanamke ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza kitandani. Siku chache baadaye alisimama akatembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Haukupita muda madaktari wakaona upande wa pili: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kuwa myepesi, maambukizi kushika kwa urahisi. Prednisoloni ni ndugu wa dawa ile. Bado tunaitumia, kwa dozi ndogo na kwa muda, ili mgonjwa apate nafuu wakati dawa kuu inasubiri kufanya kazi. Hata dozi ndogo haikosi gharama yake: utafiti wa GLORIA uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa 451 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, ulionyesha kwamba miligramu 5 kwa siku kwa miaka miwili zilipunguza ugonjwa na uharibifu wa viungo, lakini maambukizi yaliongezeka, ingawa mengi hayakuwa makali. Hiyo ni dozi iliyopimwa na kusimamiwa. Ya kwenye kipakiti hakuna anayeijua. Na aliyeitumia kwa miezi asiiache ghafla, kwa sababu mwili wake huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya asili inayofanana na dawa hiyo. Aje tumpunguzie polepole.

Dawa kuu ninayoizungumzia ni methotreksati. Ilianza kama dawa ya saratani, kwa dozi kubwa. Katika miaka ya 1980 watafiti waliijaribu kwa dozi ndogo, mara moja kwa wiki, kwa watu wenye baridi yabisi. Jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 1985 lilikuwa na wagonjwa wasiofika 40, lakini tofauti kati ya dawa halisi na kidonge kisicho na dawa ilionekana waziwazi. Mwaka 1988 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa nyingine mbili za ugonjwa huu, sulfasalazini na haidroksiklorokwini. Hii ya mwisho ni ndugu wa klorokwini ile ya malaria iliyowawasha watu mwili mzima, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wetu huiogopa wakisikia jina.

Kwa nini wagonjwa hugawanywa kwa kura katika majaribio haya, wengine dawa hii, wengine ile? Kwa sababu baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huanza kutumia kitu siku ambayo maumivu yamefika kilele. Wiki mbili baadaye angejisikia afadhali hata bila kunywa chochote, lakini sifa zote zitakiendea kile alichokunywa. Mafuta na mitishamba mingi hujipatia jina kwa njia hiyo. Kura, pamoja na mpimaji asiyejua nani kapewa nini, huondoa udanganyifu huo.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote haukuhusu dawa mpya hata kidogo. Unaitwa TICORA, ulifanywa katika hospitali mbili za Glasgow, Uskoti, ukachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 110 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilihudhuria kliniki ya kawaida, kila miezi mitatu. Kundi la pili lilionwa kila mwezi, likapimwa kiwango cha ugonjwa, na kama kiwango kilikuwa bado juu, dawa ilipandishwa au kuongezwa siku hiyohiyo. Dawa zilikuwa hizihizi za zamani. Baada ya miezi 18, asilimia 65 ya kundi la pili walikuwa wametulia kabisa, dhidi ya asilimia 16 ya kundi la kwanza. Na jumla ya gharama haikuwa kubwa zaidi.

Kupima huko hakuhitaji mashine kubwa. Kipimo tunachotumia sana sasa kinahusu viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, na viungo 20 vya vidole vya mikono. Mpimaji anakibonyeza kila kimoja kwa kidole gumba hadi ukucha wake mwenyewe uwe mweupe, basi, asizidishe. Anaandika vinavyouma, kisha vilivyovimba. Mgonjwa anaeleza kwa alama jinsi anavyojisikia, na damu kidogo inapimwa kuona ugonjwa umewaka kiasi gani mwilini. Ukienda kliniki na hakuna aliyekugusa vidole, una haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari, ugonjwa wangu leo uko kiwango gani, na tunalenga kufika wapi?"

Methotreksati peke yake isipotosha, tunaongeza. Jaribio lililoongozwa na James O'Dell wa Nebraska, mwaka 1996, lilikuwa na wagonjwa 102. Waliopewa dawa zote tatu, yaani methotreksati, sulfasalazini na haidroksiklorokwini, asilimia 77 walifikia nafuu nzuri iliyodumu kwa miaka miwili. Waliopewa methotreksati pekee walikuwa asilimia 33. Mwaka 2013 O'Dell huyohuyo na wenzake walizipambanisha dawa hizo tatu na sindano ya kisasa ya etanersepti, kwa wagonjwa 353 ambao methotreksati ilikuwa haijawatosha. Hadi wiki ya 48 mchanganyiko wa vidonge haukuachwa nyuma na sindano. Sindano zina nafasi yake, na kuna wagonjwa wasioinuka bila hizo. Ila familia isiuze ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya sindano kabla vidonge hivi havijajaribiwa ipasavyo. Na kabla ya sindano za aina hiyo, kifua kikuu kilicholala mwilini lazima kitafutwe. Mwaka 2001 ziliripotiwa kesi 70 za kifua kikuu kwa watu waliotumia mojawapo, infliksimabu, na katika nchi zetu hatari hiyo si ya kupuuza.

Sasa niseme juu ya kuitumia methotreksati nyumbani, kwa sababu hapa ndipo watu hupotezea faida yote. Ni mara moja kwa wiki. Chagua siku, tuseme Jumapili, iandike kwa kalamu kwenye boksi, mwambie na mtu wa nyumbani. Kuimeza kila siku kumeua watu katika nchi nyingi; hukausha uboho unaotengeneza damu na kujaza kinywa vidonda. Siku nyingine ya wiki utameza foliki asidi, vitamini ambayo hupunguza kichefuchefu na kulinda ini. Usitegemee nafuu wiki ya kwanza: huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi wanaoiacha huiacha wiki ya tatu, wakiamini haifanyi kazi. Damu, ini na figo hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni, kisha takriban kila miezi mitatu. Pombe iache.

Na septrini. Hii nairudia kwa kila mgonjwa. Septrini inapatikana kila kona, watu huinywa kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa mkojo unaochoma. Ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu kwa hatari kubwa. Popote unapotibiwa, taja kwamba unatumia methotreksati. Homa, vidonda vya mdomoni, kikohozi kikavu au pumzi kukata: simamisha dozi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwanamke anayetaka kubeba mimba asiimeze, kwa kuwa huharibu mtoto tumboni. Hili lizungumzwe mapema, miezi kabla, ili abadilishiwe. Haidroksiklorokwini na sulfasalazini hutumika salama katika ujauzito, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwambia binti kwamba hatazaa, kama wengine wanavyoambiwa.

Viungo pia vinataka kazi. Zamani mgonjwa aliambiwa apumzike. Tafiti zimegeuza ushauri huo. Katika utafiti wa SARAH wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watu 490, waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono walikuwa wanaitumia vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Mazoezi yenyewe ni ya kukunja na kukunjua vidole, kuvitanua, kuminya donge laini, kuzungusha kifundo, kila siku. Kiungo kikiwa kimewaka, punguza, usiache.

Msomaji makini atauliza: Glasgow, Nebraska, Uingereza, sisi je? Swali ni halali. Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamefanya kazi wilayani Hai kujua ni watu wangapi wanaishi na maradhi ya viungo na yanawagharimu nini. Huo ni msingi. Kinachofuata, kwa maoni yangu, ni kujaribu kliniki ya kila mwezi mahali ambapo nauli ya kufika mjini ni kikwazo kikubwa kuliko bei ya kidonge, na ambapo mabingwa wa viungo ni wachache mno. Dalili njema ipo. Utafiti ulioongozwa na Mwidimi Ndosi, uliochapishwa mwaka 2014, katika kliniki 10 za Uingereza na wagonjwa 181, ulionyesha kwamba waliofuatiliwa na wauguzi waliobobea hawakuwa nyuma ya waliofuatiliwa na madaktari. Muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza kufundishwa kubonyeza viungo 28.

Majaribio kama hayo yatahitaji wagonjwa wa hapa kukubali kushiriki. Ukiombwa, dai maelezo kwa lugha unayoielewa, uliza kama utafiti una kibali cha maadili, kwa Tanzania Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ndiyo inayotoa kile cha kitaifa, na uliza nani atakutibu ukidhurika. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea palepale.